Mwongozo kamili: Jinsi ya kusafisha marejeo ya makala yako baada ya kutumia akili unde

Barua ambazo watafiti wa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, wanapokea kutoka kwa wahariri wa majarida zimeanza kufanana. Makala inarudishwa kabla haijafika kwa wahakiki, na sababu ni sentensi moja tu: hatukuweza kupata marejeo namba 7, 12, 19 na 31.

Nimesoma barua hizo mezani kwangu pamoja na wenyewe. Kuna asistanti aliyetumia misimu miwili ya mvua kukusanya sampuli za maji. Kuna mwanafunzi wa memwari (kazi ya kumalizia masomo ya chuo) aliyeshinda juani akihoji wachimbaji wadogo. Wote walifanya kazi ya kweli, na wote, usiku wa mwisho, waliiomba ChatGPT iwaongezee marejeo. Nilipowauliza kama walikagua, walijibu ndiyo. Walikuwa wakisema kweli: walikagua, ila kwa njia isiyoweza kukamata kosa.

Mwongozo huu unakuonyesha njia inayolikamata. Unafaa kwa memwari, tasnifu na makala ya jarida. Orodha ya marejeo 40 itakuchukua siku mbili za kazi tulivu, na mara ya pili utaenda haraka zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Orodha yako ya marejeo, iliyochapwa kwenye karatasi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, karatasi itakuambia ulipofika.
- Simu au kompyuta yenye intaneti. Mega chache za data zinatosha kwa hatua za mwanzo. Hatua ya 6 ndiyo inayokula mega.
- Jedwali lenye safu sita: namba ya rejeo, rangi, DOI (namba ya kudumu ya makala, nitaieleza kwenye hatua ya 2), je lipo, je nimelisoma, uamuzi. Daftari linatosha.
- Programu ya Zotero ya kutunza na kupanga marejeo, ambayo ni ya bure, kwenye kompyuta yako au ya rafiki.
- Mtu wa maktaba. Mtafute mapema, maana kwa vitabu vya zamani vya Katanga anajua kuliko tovuti yoyote.

Usinunue programu inayodai kugundua maandishi ya akili unde. Haina kazi hapa, na sababu nitaieleza kwenye hatua ya 9.

## Kosa linalowaangusha wengi: kuiuliza mashine kama imesema kweli

Walioniambia "nilikagua" walifanya hivi: walirudi kwenye mazungumzo yale yale wakaandika, "Una uhakika marejeo haya yapo?" Mashine ikawajibu kwa adabu kwamba yapo. Wakalala.

Programu hizi hutunga maandishi kwa kukadiria neno gani lifuate neno gani, kutokana na maandishi mengi mno zilizofunzwa nayo. Zimepitia marejeo yasiyohesabika, kwa hiyo zinajua rejeo lina sura gani: majina mawili matatu, mwaka, kichwa chenye neno Katanga, jarida lenye sifa, juzuu, kurasa. Zinaweza kukutungia sura hiyo bila makala yoyote nyuma yake. Ukiuliza kama zina uhakika, jibu nalo linatungwa kwa namna ile ile.

Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliingia kwenye shimo hilo. Waliwasilisha mahakamani kesi za zamani walizopewa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi ni ya kweli, ikamjibu ndiyo. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo, na jaji akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000.

Programu zinazotafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu zina nafuu, kwa sababu huleta viungo vya kurasa zilizopo. Hata hivyo nimeona mara kadhaa kiungo cha kweli kikibandikwa kwenye dai ambalo ukurasa wenyewe hausemi. Hatua ya 6 inazihusu pia.

## Hatua ya 1: Tenga marejeo kwa asili yake

Chukua orodha yako na kalamu tatu. Kijani ni rejeo ulilolifungua na kulisoma mwenyewe. Njano ni lile uliloliona limetajwa kwenye makala nyingine ukalihamisha. Nyekundu ni lile ulilopewa na akili unde, au ulilotumiwa na mwenzako kwenye WhatsApp, au ambalo hukumbuki lilitoka wapi.

Sababu ya kuanza hapa ni kugawa nguvu. Nyekundu zitapita hatua zote. Njano zinaweza kuwa na makosa ya zamani yaliyonakiliwa kutoka orodha hadi orodha. Kijani zitahitaji hatua ya 6, ya 7 na ya 8 tu.

Tahadhari: ukisitasita kati ya kijani na nyekundu, ni nyekundu.

Umefaulu ikiwa hakuna rejeo lisilo na rangi, na kama umeona nyekundu nyingi kuliko ulivyotarajia. Karibu kila mtu huziona.

## Hatua ya 2: Jaribu namba ya DOI

DOI ni namba ya kudumu ya makala, kama namba ya chesi ya gari. Huanza na 10 na nukta, zinafuata tarakimu za mchapishaji, halafu mkwaju, halafu herufi na tarakimu za makala yenyewe.

Andika https://doi.org/ kwenye kivinjari kisha ubandike namba. Anza na hii ya kweli ili ujue mlango unaofunguka ukoje: 10.1038/s41893-018-0139-4. Itakupeleka kwenye makala ya mwaka 2018 ya jarida la Nature Sustainability, kuhusu uchimbaji wa kobalti kwa mikono katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi.

Sasa jaribu za kwako. Ukurasa ukisema namba haikupatikana, kagua kwanza kama umenakili nukta ya mwisho wa sentensi, kosa la kawaida sana. Ikiwa bado haifunguki, andika "hapana" kwenye safu ya nne na uende hatua ya 3.

Namba ikifunguka, usishangilie. Soma kichwa cha makala iliyofunguka, neno kwa neno. Kijana mmoja aliniambia, "Yaya, lakini namba ilifunguka!" (Huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke.) Ilikuwa imefunguka kweli. Yeye alikuwa akiandika juu ya risasi kwenye damu ya watoto, na makala iliyofunguka ilikuwa ya betri.

Hilo hutokea kwa sababu mwanzo wa DOI ni rahisi kukariri. Tarakimu 1038 ni za Nature, 1016 ni za Elsevier, na mashine imeziona mara nyingi mno. Inaandika mwanzo ulio sahihi, halafu inatunga mwisho. Wakati mwingine mwisho huo wa kutunga unaangukia makala ya mtu mwingine kabisa.

Umefaulu ikiwa kila namba iliyopo kwenye orodha yako imefungua makala ile ile uliyoitaja, au imewekewa alama ya "hapana".

## Hatua ya 3: Tafuta kwa kichwa cha makala

Hapa unashughulikia yaliyopata "hapana" na yale yasiyo na DOI kabisa. Nakili kichwa kizima, kizungushie alama za kunukuu, ukitafute sehemu mbili: Google Scholar na search.crossref.org. Crossref ni shirika linalotunza DOI za wachapishaji wengi wa majarida, na kutafuta humo ni bure.

Ikiwa mega zimebaki kidogo, Crossref wana ukurasa uitwao Simple Text Query ambako unabandika orodha yako nzima kwa mara moja na kurudishiwa DOI zinazolingana. Matokeo yake yasome kama dokezo, kwa sababu huenda ikakupa makala inayokaribiana na yako tu.

Kwa kazi za Kifaransa, ambazo ndizo nyingi kwetu, ongeza Cairn, Persée, HAL na Érudit. Kwa majarida ya Afrika, tafuta African Journals Online, yaani AJOL. Ukiishia kwenye tovuti za Kiingereza peke yake, utayatupa marejeo mazuri ya watu wa Kinshasa na Dakar kwa kudhani hayapo.

Usipopata kitu, ondoa alama za kunukuu na utafute jina la mwandishi pamoja na maneno mawili ya kichwa. Jihadhari na majina ya Kikongo. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kila jarida hukata inapotaka. Mtafiti yule yule wa Lubumbashi anaonekana kwa jina moja la ukoo katika makala ya 2009, na kwa majina matatu yakifuatana katika ile ya 2018 ya Kasulo. Jaribu kila mpangilio kabla ya kusema mtu hayupo.

Tahadhari kubwa: ukiona kwenye Google Scholar neno CITATION kwa herufi kubwa mbele ya kichwa, na hakuna kiungo cha kubofya, hujapata makala. Maana yake ni kwamba mtu fulani aliitaja kwenye orodha yake, na Google haikuiona yenyewe. Vitabu vya zamani huonekana hivyo kihalali. Lakini rejeo la uongo likishachapishwa mara moja kwenye orodha ya mtu, nalo linaweza kuonekana hivyo, na wewe ukiliongeza unalipa uhai zaidi.

Umefaulu ikiwa kila rejeo jekundu sasa lina ukurasa halisi uliouona, au limebaki bila chochote. Yaliyobaki bila chochote yapeleke hatua ya 5 kabla ya kuyafuta.

## Hatua ya 4: Linganisha kila kiungo cha mwili

Huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu unawapita hata maprofesa. Mashine mara nyingi haitungi rejeo zima. Inachukua kichwa cha mnyama huyu na miguu ya yule.

Nikupe mfano wa hapa hapa. Kuna makala ya kweli ya mwaka 2009 katika jarida la Environmental Research, juzuu 109, kuhusu kobalti na metali nyingine katika miili ya wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kuna ile ya 2018 ya Kasulo. Mwandishi wa kwanza ni yule yule. Ukiomba marejeo juu ya kobalti na afya, unaweza kupewa kichwa cha 2009, jarida la 2018, na kurasa ambazo hazimo katika lolote kati ya hayo mawili. Ukitafuta jina la mwandishi, yupo. Ukitafuta jarida, lipo. Kila kipande ni cha kweli, na rejeo zima ni la uongo.

Kwa hiyo weka ukurasa wa makala upande mmoja na orodha yako upande mwingine, kisha utie alama kwenye vitu saba: majina ya waandishi wote, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, toleo na kurasa. Nyosha kidole kwenye kila kimoja. Ninasema kidole kwa makusudi, kwani jicho likiachwa peke yake huruka.

Kipande kimoja kikikosea, sahihisha. Vikikosea vitatu au zaidi, usisahihishe: lifute rejeo, urudi kwenye sentensi yako na utafute chanzo upya. Rejeo lililoharibika kiasi hicho kwa kawaida halikuwahi kuunga mkono sentensi hiyo.

## Hatua ya 5: Yasiyo na DOI na bado ni ya kweli

Kukosa DOI hakumaanishi uongo. Sehemu kubwa ya maarifa juu ya mji huu imo kwenye karatasi: taarifa za CEPSI, kituo cha utafiti wa mambo ya jamii cha enzi ya Elisabethville (jina la kikoloni la Lubumbashi), memwari zilizo kwenye rafu za vitivo, ripoti za wizara.

Fikiria historia ya mji wetu iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Haina DOI na haikupitia jarida lolote. Ingepotea kama mwanaanthropolojia Johannes Fabian asingeichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Chombo kinachosema "haipo" kwa kila kisicho na DOI kingetufutia maandishi kama hayo.

Kwa aina hii ya kazi, kanuni ni moja: lazima mtu mmoja unayeweza kumtaja awe ameishika mkononi. Huyo anaweza kuwa wewe, mtu wa maktaba, au promota wako, yaani msimamizi wa utafiti wako. Piga picha ukurasa wa jina na ukurasa unaounukuu, uzihifadhi. Kwa vitabu, tafuta ISBN yake (namba ya utambulisho ya kitabu) na ujaribu pia WorldCat, orodha ya maktaba nyingi za dunia.

Ikiwa hakuna aliyeishika, na hakuna maktaba inayoijua, ifute leo. Najua inauma, hasa kama ndiyo iliyobeba aya nzima.

## Hatua ya 6: Fungua, usome, uulize kama inasema unachosema

Mpaka hapa umethibitisha kwamba makala ipo. Bado hujathibitisha kwamba inasema ulichoandika. Wahariri wengi huishia kwenye swali la kwanza. Mhakiki anayeijua mada ataenda kwenye la pili, na kwenye mada za migodi ya Katanga wahakiki wanaojua ni wengi.

Chukua sentensi hii, ambayo nimekutana nayo kwa sura mbalimbali: "Uchimbaji wa kobalti unasababisha saratani kwa wakazi wa Lubumbashi," kisha inatajwa ile makala ya 2018. Ifungue. Utafiti ulifanyika Kasulo, Kolwezi, si Lubumbashi. Waandishi walipima metali katika mkojo na damu ya wakazi 72, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo. Waliona kobalti nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo, na kwa watoto waliona dalili za madhara kwenye DNA. Hawakuhesabu wagonjwa wa saratani. Rejeo ni la kweli, lakini sentensi imekosea mahali, imekosea ugonjwa, na imegeuza dalili kuwa chanzo.

Mwandishi huyo angeweza kupata alichokihitaji kama angetafuta kwa mkono. Kuna utafiti uliofanyika Lubumbashi yenyewe, uliochapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health, juu ya watoto waliozaliwa na kasoro. Ulionyesha kwamba kasoro hizo zilihusiana na baba kufanya kazi ya migodini. Ni matokeo mazito, na yanahusu mji wake. Mashine ilimpa sentensi nyepesi zaidi, akaichukua.

Fanya hivi kwa kila rejeo:

Soma ikisiri, kisha sehemu ya mbinu, kisha jedwali au mchoro unaobeba dai lako. Usiishie kwenye ikisiri, maana mipaka ya utafiti mara nyingi huandikwa mwishoni.

Funga makala. Andika kwenye daftari, kwa Kiswahili na kwa maneno yako, sentensi moja: nani, wapi, walipima nini, walipata nini. Nasisitiza Kiswahili kwa sababu huwezi kunakili. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, hujaelewa makala, na hupaswi kuitaja bado.

Linganisha sentensi ya daftari na ile ya makala yako. Zikigongana, rekebisha ya makala.

Kuhusu kupata makala nzima: sakinisha Unpaywall kwenye kivinjari, itakuonyesha nakala halali za bure. Kwa mambo ya afya tafuta PubMed Central. Uliza chuo chako kama kimesajiliwa Research4Life, mpango unaofungua majarida mengi kwa taasisi za nchi kama yetu. Vyuo vingine vimesajiliwa na neno la siri limelala kwenye droo ya mtu. Mwisho kabisa, mwandikie mwandishi. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha, na watafiti hufurahi kusomwa.

Tahadhari: usiipe mashine makala ikufupishie halafu ukataja muhtasari wake. Umerudi pale pale ulipoanzia.

Umefaulu ikiwa daftari lina sentensi moja kwa kila rejeo, zote kwa mwandiko wako.

## Hatua ya 7: Angalia kama makala imefutwa

Mwaka 2023 majarida ya dunia yalifuta zaidi ya makala 10,000, na zaidi ya 8,000 kati yake zilikuwa za Hindawi, mchapishaji aliyekuwa chini ya kampuni ya Wiley, baada ya kugundulika kwamba viwanda vya kuuza makala vilikuwa vimepenya humo. Makala iliyofutwa haitoweki. Inaendelea kuonekana kwenye utafutaji, na akili unde iliyofunzwa kabla ya kufutwa kwake haijui habari hiyo.

Angalia neno RETRACTED au RÉTRACTÉ kwenye kichwa au kwenye ukurasa wa jarida. Hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, iko chini ya Crossref tangu Septemba 2023 na kila mtu anaweza kuitumia. Zotero nayo hukuwekea onyo jekundu yenyewe, na hiyo ni sababu nzuri ya kwenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Jenga orodha upya ndani ya Zotero

Ingiza kila rejeo lililofaulu kwa DOI yake. Zotero itavuta taarifa zenyewe, halafu utachagua mtindo wa jarida na orodha itajipanga.

Usiiombe ChatGPT "ipange tu" orodha iliyokwisha kusafishwa. Nimeona orodha safi ikiingia na kutoka ikiwa na kurasa zilizobadilika na mwandishi wa tatu aliyepotea. Kupanga kwake pia ni kutunga.

Kagua herufi zenye alama za Kifaransa na majina matatu ya Kikongo baada ya kuingiza. Hapo Zotero hukosea.

## Hatua ya 9: Sema wazi ulivyoitumia

Wengi wananiuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi. Si dhambi. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa, anayehoji watu kwa Kiswahili, na kulazimika kuchapisha kwa Kiingereza, ana haki ya kusaidiwa lugha. Zamani alilipa mtafsiri dola ambazo hakuwa nazo, au aliacha matokeo yake yaozee kwenye droo. Sasa mashine inamsaidia. Hilo ni badiliko jema, na ninalitetea kila mahali.

Kinachotakiwa ni kusema. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilitamka Februari 2023 kwamba chombo cha akili unde hakiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa hakiwezi kubeba wajibu. Kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ikafuata Mei mwaka huo huo, ikitaka matumizi yatajwe kwenye barua ya kutuma makala na ndani ya makala yenyewe. Soma maelekezo ya jarida lako, kisha uweke tamko la aina hii, kwa lugha ya makala:

"Waandishi walitumia [jina la programu na toleo] mwezi wa [mwezi na mwaka] kusahihisha lugha ya Kiingereza katika Utangulizi na Mjadala. Marejeo yote yalitafutwa na kusomwa na waandishi wenyewe. Waandishi wanawajibika kwa maudhui yote ya makala."

Usiandike sentensi ya pili ikiwa hujafanya hatua ya 6.

Jiepushe na programu za kubadilisha maneno ili kukwepa ukaguzi wa wizi wa maandishi. Mwaka 2021 watafiti walianza kuorodhesha maneno ya ajabu yanayotokana nazo, mfano "fahamu ghushi" mahali pa "akili unde", na siku hizi wapo wanaoyawinda kwenye makala zilizochapishwa. Usibandike pia majina ya wagonjwa wala mahojiano ya wachimbaji kwenye programu hizi. Waliokuamini walikupa maneno yao wewe.

Na zile programu za kugundua? OpenAI wenyewe waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba kwa insha za Kiingereza za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, ziliitwa kazi ya mashine. Mtu wa Lubumbashi yumo katika kundi hilo. Kinga yako ni rasimu zenye tarehe, daftari la hatua ya 6, na Zotero yako. Vitunze mpaka makala ichapishwe na miaka kadhaa baadaye.

## Hatua ya 10: Ikiwa makala imeshatumwa

Usisubiri wakugundue. Maliza hatua ya 1 hadi ya 8 kwa haraka, kisha umwandikie mhariri wewe mwenyewe. Ikiwa kuna waandishi wenza, waambie kwanza, wote, hata mkubwa unayemwogopa. Jina lake nalo limo.

Barua iwe fupi: namba ya makala, marejeo uliyogundua kwamba hayapo au yana makosa, yakitajwa kwa namba, yalivyoingia, sentensi zipi zimebadilika, na orodha mpya kama kiambatisho. Usilaumu mashine, na usimtupie mwanafunzi aliyekusaidia kuchapa. Ikiwa sentensi iliyoondolewa inabadilisha hitimisho lako, liseme hilo kwenye mstari wa kwanza.

Makala ikiwa imeshachapishwa, omba masahihisho rasmi kwa utaratibu huo huo. Jarida likichagua kuifuta, omba tangazo lieleze kwamba ni waandishi waliotoa taarifa, kisha safisha, tumia data ile ile ya kweli uliyoikusanya, na utume upya.